Janja kwa Nani?

Wapenzi wa lugha, nianze na swali ambalo si langu. Liliulizwa na bibi jirani yangu hapa Makorora, Tanga, mbele ya kijana aliyekuja na karatasi mkononi kututangazia kwamba siku zijazo mita zetu za umeme zitaondolewa na mahali pake pawekwe mita janja. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akauweka vizuri mtandio wake, kisha akauliza:

“Mjukuu wangu, janja kwa nani?”

Kijana akacheka. “Bibi, hilo ni jina tu.”

“Hakuna jina tu,” akajibu bibi. “Mimi nimeshaishi na wajanja watatu katika umri wangu, na wote waliondoka na kitu. Wa nne simkaribishi ndani bila kujua anamfanyia kazi nani.”

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini nilirudi ndani na swali hilo, na hadi leo halijaniacha. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 33, na kabla ya hapo nilifundishwa kukifundisha katika Chuo cha Ualimu Korogwe mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika muda wote huo sikumbuki kusikia swali la semantiki lililoulizwa kwa maneno machache kuliko hayo matatu. Naomba mniruhusu nilijibu kwa njia ndefu, kwa sababu jibu lake lilinigharimu fedha kidogo na heshima nyingi.

Tulianze neno lenyewe. Katika ngano tulizolelewa nazo, mjanja ni Sungura, naye hushinda kwa sababu mwenzake hajui kinachoendelea. Ndiyo maana ujanja ukakaa jirani na hila, na mtu akisemwa “ana ujanja mwingi” hatujui kama amesifiwa au tumeonywa. Mjini siku hizi neno limepanda cheo kidogo: mjanja ni aliyechangamka, asiyeachwa nyuma. Hata hivyo, hata huyo hasifiwi na aliyezidiwa naye. Ujanja hauna maana ukiwa peke yako. Lazima awepo wa kuzidiwa.

Tulipopata simu janja hatukulalamika, na nadhani sababu ni hii: simu iko mkononi mwangu. Ujanja wake, kwa kadiri ninavyouona mimi, ni wangu. Naiuliza, inanijibu, naiamuru, inatii. Mita haiko hivyo. Imefungwa ukutani kwangu, lakini imefungwa lakiri na mwingine. Mita ya kisasa ya namna hii hupeleka hesabu ya matumizi kwa mtandao bila msomaji kubisha hodi. Hupokea uniti zilizonunuliwa bila mimi kubonyeza tarakimu. Na huweza kukata au kurudisha umeme kwa amri itokayo mbali. Ni faida nyingi hizo, na sizikatai. Lakini kila moja ya faida hizo ni mazungumzo yanayopita juu ya kichwa changu, baina ya ukuta wangu na ofisi nisiyoiona. Bibi alikuwa amelishika jambo hilo kwa kihusishi kimoja cha lugha: *kwa*. Janja *kwa* nani?

Wala si mara ya kwanza umeme kutuletea neno lenye kitendawili ndani yake. Chukueni *luku*. Vijana wanaolitumia kwa maana ya mavazi ya kupendeza huenda hawajui kwamba lile la umeme lilianza kama kifupisho: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mita hizo za malipo ya kabla ziliingia nchini katika miaka ya 1990, na herufi zake nne zikageuka nomino kamili. Tunanunua luku, luku inaisha, luku inakata, mwenye nyumba anadai hela ya luku. Ni mfano mzuri sana wa uundaji wa maneno, na nimeutumia darasani mara nyingi.

Kitu ambacho sikukiona kwa miaka yote hiyo ni sarufi yake. *Utumiavyo*: nafsi ya pili, shina la kitenzi, kirejeshi cha namna mwishoni, na hakuna kiambishi cha njeo. Lipa kwa kadiri unavyotumia. Lakini hakuna anayelipa luku hivyo. Tunalipa kwanza, ndipo tutumie. Kwa sarufi kali ingepasa kuwa *utakavyotumia*, na kifupisho kisingebadilika hata herufi moja. Ile njeo iliyoachwa ndiyo mahali mashaka yanapoketi. Mtu aliyelipa kabla hajapokea huwa na jicho kali kuliko aliyepokea kabla hajalipa. Ankara za zamani zilituudhi mwisho wa mwezi. Luku hutuudhi wakati wowote, usiku, maharagwe yakiwa jikoni.

Kisha kuna kitenzi *kukatwa*. Sikilizeni watu wakitoka kununua umeme: “Nimekatwa.” “Wamenikata.” “Kuna makato.” Mkufunzi wetu pale Korogwe alikuwa akisema kwamba kila mnapokutana na kauli ya kutendwa isiyofuatwa na *na*, simameni mwulize: na nani? Tulidhani ni somo la uchanganuzi wa sentensi. Sasa naona lilikuwa somo la uraia. Nilipoichukua risiti yangu ya Desemba 2024 na kuisoma kama ninavyosoma ubeti, niliona kwamba kila kato lina mtenda. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ni ya serikali. Asilimia 3 ni ya kupeleka umeme vijijini kupitia REA. Asilimia 1 ni ya mdhibiti, EWURA. Na tangu 2021 kodi ya jengo nayo hukusanywa kwa njia hiyohiyo ya luku: kwa nyumba ya kawaida kama yangu ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023.

Hesabu yake si ngumu. Bei ya kundi langu la matumizi ilikuwa shilingi 292 kwa uniti moja. Ukiongeza zile asilimia 22, uniti inafika shilingi 356 na senti 24. Kwa shilingi 10,000 unapata uniti 28 na ushei. Lakini katika ununuzi wa kwanza wa mwezi, kodi ya jengo inatangulia kutolewa, na kwa fedha ileile unapata uniti zisizofika 24. Na jirani aliye katika kundi la matumizi madogo, ambaye hutozwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi, atakuonyesha risiti yake, nawe utaapa kwamba mmoja wenu anaibiwa. Hapo hakuna aliyeibiwa. Lakini noti ileile imezaa mara tatu namna tatu, na mtu asiyejua sababu yake atajitafutia sababu.

Nami nilijitafutia.

Mnamo 2024 tulitangaziwa maboresho ya mita za luku. Jambo lenyewe, nilivyokuja kulifahamu baadaye, lilikuwa la dunia nzima kwa mita za aina hii. Ndani ya zile tarakimu 20 za tokeni kumefichwa wakati ilipotolewa, uliohesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, ili tokeni moja isitumiwe mara mbili. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika milioni 16.7 na zaidi kidogo, nayo ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingebadilishwa kabla ya hapo isingeweza kupokea tokeni mpya. Kwa hiyo, wateja tulipokea mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuibadilisha mita, la tatu la uniti zenyewe. Tarakimu sitini. Niliziingiza mimi mwenyewe nikiwa nimesimama juu ya kigoda, miwani puani, nikikosea na kurudia.

Mtaani kwetu habari hiyo ilifika ikiwa neno moja tu, *maboresho*, na mtu aliyewahi kuishi hujua kwamba si kila kilichoboreshwa kilimboreshea yeye. Barazani kulisemwa kwamba tarakimu hizo ni za kuiongezea mita mwendo. Mwingine akauliza kwa nini uniti zisishuke bei ilhali bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115. Mimi, mwalimu, niliwaambia wasiseme wasichokijua. Niliyasema hayo mwezi Novemba. Mwezi Desemba uniti zangu zilianza kukimbia.

Nyumba yangu ilikuwa ikitumia uniti 90 hivi kwa mwezi, kama shilingi 32,000. Desemba hiyo zilikwenda 190, na fedha ikakaribia 68,000. Mtu anayeishi kwa pensheni anazijua vizuri shilingi 36,000 zilizozidi: ni dawa za shinikizo la damu na nusu gunia la mkaa. Nilirudi barazani na kuomba radhi kwa wale niliowakemea. Nikawa msemaji wao. Nilisema mita imetiwa mwendo. Nilisema mengine pia ambayo sitayaandika katika ukurasa unaosomwa na wanafunzi.

Lakini ndugu zangu, huwezi kumfokea aliye mbali kwa muda mrefu. Hasira huchoka kwenda safari, hukaa nyumbani. Nyumbani kwangu, katika chumba cha uani, alikuwapo mpangaji, kijana fundi cherehani. Tulikuwa tunatumia mita moja, kama nyumba nyingi za kupanga zifanyavyo, naye akinichangia shilingi 15,000 kila mwezi. Alikuwa na cherehani ya umeme na pasi. Usiku wa manane nilikuwa nikisikia cherehani yake, na sikukuu zilikuwa karibu. Nikajumlisha moja na moja, nikapata tano.

Januari nilimwambia mchango sasa ni 30,000. Alitulia, akasema, “Sawa, Mwalimu,” akalipa. Februari akalipa tena, ila alisema kwa adabu, “Mwalimu, shikamoo. Naomba kuuliza, mita inasomaje? Maana mimi kazi zimepungua tangu sikukuu zipite.” Nikamwona ana ujanja. Ndilo neno nililolitumia, mbele ya wapangaji wa nyumba ya pili waliokuwa wakianika nguo: “Usiniletee ujanja. Mtu anayeiba umeme wa mzee wake hana tofauti na anayeiba chakula mezani.” Hakujibu. Alinitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu aliyemwadhibu kwa kosa la mwingine, nami mtazamo huo naujua. Mwisho wa mwezi alihama. Alifagia chumba, akaniachia ufunguo kwa bibi jirani.

Mwezi Machi uniti zilipungua kidogo, lakini si kama nilivyotarajia. Mwizi alikuwa amehama, na wizi ulikuwa umebaki.

Sasa nikairudia mita. Nilimpigia simu mwenzangu mstaafu, aliyekuwa akifundisha Fizikia, nikamweleza kwamba nimepata ushahidi dhidi ya maboresho. Akaniuliza swali moja: “Usoni mwa mita pameandikwa nini?” Sikujua. Miaka 33 ya kufundisha ufahamu, na sikuwahi kukisoma kitu ninachokitazama kila siku! Nilipanda juu ya kigoda. Pembeni mwa taa ndogo nyekundu pameandikwa *1000 imp/kWh*. Akanifafanulia: taa hiyo hukonyeza mara 1,000 kwa kila uniti moja, na uniti si kitu kingine ila kilowati-saa, yaani kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja. “Basi zima kila kitu,” akasema, “washa kifaa kimoja unachokijua wati zake, uhesabu mikonyezo kwa dakika. Ukiwasha cha wati 1,000, utarajie kumi na sita au kumi na saba.”

Nilikuwa na hita ya kuchemshia maji ya ndoo, imeandikwa wati 1,000. Nikazima taa, redio, feni, televisheni. Nikaitumbukiza hita ndani ya ndoo ya lita 20, nikasimama mbele ya mita na saa mkononi. Kumi na tisa. Dakika ya pili, ishirini. Ya tatu, kumi na tisa. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tangu matokeo ya kidato cha nne ya darasa langu bora. Mita inazidisha! Inakula karibu uniti moja ya ziada kwa kila sita! Nikampigia mwenzangu, sauti ikinitetemeka kwa ushindi.

“Vizuri,” akasema. “Sasa izime hita. Taa imesimama?”

Niliizima. Nikasubiri. Taa ikakonyeza. Nikahesabu hadi kumi na nane, ikakonyeza tena. Nyumba nzima ilikuwa kimya na giza, na kitu kilikuwa kinakula.

“Umezima kila kitu?”

“Kila kitu.”

“Nenda ukasikilize.”

Nikaenda chumba hadi chumba, kama mtu anayetafuta panya. Jikoni ndipo nilipolisikia lile friza likinguruma, na naapa kwamba kabla ya dakika hiyo nilikuwa sijalisikia kwa miaka. Tulilinunua mwaka 2001. Marehemu mke wangu aliuza barafu za ukwaju na ubuyu kutoka ndani yake, na barafu hizo ziliwasomesha binti zetu wawili katika miezi ambayo mshahara wa mwalimu ulichelewa. Alifariki 2019. Tangu hapo ndani yake huwa nimeweka chupa chache za maji na samaki wa siku mbili, lakini sijawahi kulizima. Nilipoambiwa nizime kila kitu, sikulihesabu kuwa ni kitu.

Nilichomoa waya wake. Taa ya mita ikatulia. Nikairudisha hita ndani ya ndoo, nikahesabu upya: kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita. Nyinyi mnaotunga mtakuwa mmeiona idadi hiyo kabla yangu. Ni mizani ya mshororo mmoja wa shairi la nane kwa nane. Mita yangu ilikuwa ikisoma mshororo mzima kwa dakika bila kuchengua hata mizani, na mimi ndiye niliyekuwa nimeingiza mizani tatu za ziada na kumlaumu msomaji.

Fundi wa mafriji alikuja kesho yake. “Mzee, hii mashine hailali,” akasema. Mpira wa mlango ulikuwa umekakamaa, na kidhibiti joto kimeganda, kompresa inazunguka usiku na mchana. Wati 200 kwa saa 24 ni karibu uniti tano kwa siku, zaidi ya 140 kwa mwezi, ambapo friza lililo zima lingekula theluthi moja tu ya hizo. Ubovu ulikuwa umeanza wakati uleule wa zile tarakimu sitini. Vitu viwili vilitokea pamoja, nikafanya kimoja kuwa mzazi wa kingine. Wahenga walishatuambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nimewaeleza methali hiyo wanafunzi elfu kadhaa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mita haikosei kamwe, wala kwamba mwananchi anyamaze. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba baadhi ya mita za kielektroniki, zikiunganishwa na vifaa vya aina fulani kama taa za kubana matumizi zenye kipunguza mwanga, zilisoma hadi asilimia 582 zaidi ya umeme uliotumika. Mashine iliyotengenezwa na mtu hukosea kama mtu. Ndiyo maana kuna mdhibiti, na kuna baraza la watumiaji, EWURA CCC, na mteja ana haki ya kuomba mita yake ipimwe. Ninachosema ni kwamba kulalamika bila hesabu ni kuomba imani dhidi ya imani, na katika shindano la namna hiyo mwenye ofisi hushinda daima. Anayesema “nimehesabu mikonyezo kumi na tisa kwa dakika, kifaa ni cha wati elfu moja, na vingine vyote vimechomolewa” hawezi kuambiwa “mzee, ni hisia zako.”

Na jambo hili silo lililoninyima usingizi. Lililoninyima usingizi ni swali la bibi, lilipogeuka na kunitazama mimi.

Miezi yote ile nililalamika kwamba nakatwa nisichokielewa, na wakubwa, kwa vipimo nisivyoviona. Je, yule kijana alikuwa anatozwaje? Mimi ndiye niliyekuwa shirika lake. Nilimwambia “elfu kumi na tano,” akatoa. Nikamwambia “elfu thelathini,” akatoa. Sikumwonyesha risiti hata moja. Hakujua bei ya uniti, hakujua friza langu, na alipouliza mita inasomaje, swali la halali kuliko yote niliyoyasikia mwaka ule, nilimwita mjanja. Si hayo tu. Mara nyingi mwanzo wa mwezi yeye ndiye aliyetangulia kununua luku kwa simu yake, kisha tukafanya hesabu. Nilizifungua jumbe za tokeni alizokuwa akinipelekea, nikazihesabu. Katika miezi 18 aliyokaa kwangu, mara 11 kodi ya jengo ilitolewa katika fedha zake. Kodi ya nyumba yangu. Katika hesabu zetu sikuitaja hata mara moja, kwa sababu katika lugha yangu ilikuwa ni “makato tu.”

Hakuna makato tu, kama vile hakuna jina tu.

Ilinichukua wiki mbili kupata alipohamia. Nilimkuta Mabawa, katika kibanda cha kushonea, akipiga pasi suruali. Aliponiona alisimama, akasema shikamoo, nami nikashindwa kuipokea vizuri. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilinipotea. Nilichosema ni hiki: “Mwanangu, nilikukosea. Lilikuwa ni friza langu.” Kisha nikamweleza hesabu, moja baada ya nyingine: kodi mara 11 kwa shilingi 1,500 ni shilingi 16,500, nyongeza ya Januari na Februari ni 30,000, jumla ni 46,500. Nikamwomba pia anisamehe kwa maneno niliyoyasema mbele ya watu, na nikamwambia kwamba watu walewale nimeshawaeleza.

Alikaa kimya kidogo. Akasema, “Mwalimu, yamekwisha.” Alipokea fedha. Na kabla ya kuziweka mfukoni alizihesabu mbele yangu, noti kwa noti, taratibu. Zamani ningeona ni utovu wa adabu, kijana kuhesabu fedha aliyopewa na mtu mzima. Siku ile niliona ndiyo heshima pekee iliyobaki kati yetu: kwamba ninaweza kuhesabiwa. Sikumwomba arudi, naye hakusema atarudi.

Chumbani uani sasa yupo mpangaji mwingine. Nimefunga sabmita mlangoni kwake, na risiti za luku zinabandikwa ukutani kila mwezi, kodi ikiwa imepigiwa mstari na kuandikwa jina langu. Friza lipo, limezimwa, linahifadhi unga.

Bibi jirani nimemfundisha kuhesabu mikonyezo. Huketi kwenye kiti chake jioni, anawasha pasi, anahesabu kwa sauti, na wajukuu wanamsaidia. Mita janja hazijafika kwetu bado. Zitakapofika, amesema, hatamfukuza fundi. Atamwuliza kwanza taa iko wapi na inakonyeza mara ngapi kwa uniti. Nimemtungia ubeti mmoja, naye amenikosoa mahali pamoja, kwa hiyo ni wetu sote wawili:

Mita nimeihesabu, taa yake kwa dakika,
Nikayapata majibu, mwizi wangu kumshika,
Kumbe ni kwangu sababu, nami kwa mwenzi nafoka,
Ajuaye kuhesabu, kwa dhana hatatamka.

Nimebakiwa na deni la neno. Wako wanaopendekeza *mita erevu*. Werevu hauna harufu ya hila, lakini bado hautuambii ni werevu wa nani. Wako wanaosema *mita tambuzi*, na hilo linaeleza kazi bila kuisifu. Mimi natamani neno litakalobeba wazo kwamba chombo hicho kinasomeka pande zote mbili, ofisini na ukutani kwangu. Sijalipata. Mlio na sikio zuri kuliko langu, leteni. Lakini kabla hamjalileta, lipimeni kwa kipimo cha bibi, na mkumbuke kwamba kila mmoja wetu ni mita ya mtu fulani.